Kompyuta ya Mzee Chimba Dawa

Kibanda changu cha viatu kiko Kiboriloni, Moshi, upande ule wa soko ambako mabeli ya mitumba hufunguliwa asubuhi, na mbele yake kuna benchi nililoliweka kwa ajili ya wateja. Wateja hawajawahi kulikalia. Wamelichukua watu walewale: Gladness muuza makoti, ambaye tunamwita Mama Beli, na ambaye akiinusa nguo ya mtumba anakwambia aliyeivaa alikuwa mtu wa namna gani, Shedrack fundi umeme, jina lake hapa Jenereta, kwa sababu akishawaka kumzima ni shughuli, na mzee Sylvanus, karani mstaafu wa shamba la miwa, anayeitwa Tume, maana hata mwiko ukipotea jikoni kwake anataka iundwe tume. Mimi ni Primus. Nashona viatu, nachemsha kahawa kwenye jiko lilelile ninalopashia gundi, na nasikiliza. Kahawa inatoka kihambani, shamba la nyumbani kwangu, naikaanga mwenyewe, na hailipiwi, ndiyo maana benchi halipumziki.

Ninayetaka kuwasimulia ni mzee Kastori. Alikuwa dereva wa basi la Moshi na Dar tangu akiwa na nywele nyingi mpaka zilipokwisha. Jina la Chimba Dawa alipewa na abiria. Mnajua basi linaposimama porini watu wakajisaidie, hutangazwa kwamba tunachimba dawa. Basi la Kastori lilisimama kama mengine, ila dakika zake zilikuwa fupi kuliko za watu wengine, na wapo watu wazima wenye heshima zao mjini hapa waliowahi kulikimbilia huku wanafunga mkanda. Kisha kisukari kikamla vidole vya mguu wa kulia. Vikakatwa. Mguu wenyewe ukawa hausikii sawasawa. Anakanyaga lakini hajui amekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Mwenye basi akamwita, akamshukuru sana, akamwambia apumzike. Kastori akarudi kwake Kidia, hapo juu mlimani, na kila asubuhi akawa anashuka kuja kukaa kwangu, uso ukiangalia barabara kuu, akiyataja mabasi kwa milio kabla hayajatokea.

Siku moja akaja na kiroba begani.

— Shikamoo, meku, Jenereta alimsalimia, yaani mzee kwa Kichaga. Umebeba jogoo?

— Marahaba. Kompyuta.

— Ya nani?

— Yangu.

Akalishusha lile zigo kwenye benchi, akafungua kiroba. Ilikuwa sipiyu ya zamani ya ofisini, nyeusi, ina stika ya namba ya mali ya ofisi ambayo mtu alijaribu kuibandua akachoka. Tume akavaa miwani.

— Mtu wa umri wetu akinunua kompyuta, alisema, ni mambo mawili tu. Ama anagombea udiwani, ama kapata mchumba mtandaoni.

— Udiwani hawezi, Mama Beli akasema. Hapendi watu. Ni mchumba.

— Ni ya gemu, Kastori akasema. Nataka kuendesha basi.

Kicheko kilichotoka hapo, wauza viazi wa ng'ambo walisimama kutazama. Kastori alingoja kiishe, kama anayengoja ng'ombe wavuke. Halafu akatueleza, pole pole, bila kutuangalia. Alikuwa kliniki ya sukari, kwenye foleni, na kijana aliyekaa pembeni yake alikuwa anaendesha basi kwenye simu. Kastori akachungulia. Akaona kibao cha Same. Akadhani macho yake yana matatizo pia. Kijana akamwambia kuna vijana wenzake wamechora barabara zetu, kutoka Moshi mpaka Dar, vituo vyote, mizani yote, na kwenye simu inakwama-kwama lakini kwenye kompyuta ya gemu inakuwa kama umekaa nyuma ya kioo chenyewe.

— Nikamwomba nishike kidogo, Kastori alisema. Daktari akaita jina langu, mimi sikusikia. Nilikuwa nimefika Hedaru.

Basi hapo hakuna aliyecheka.

— Kompyuta ya gemu ni bei ya ng'ombe wa maziwa, Jenereta akasema. Tena mwenye mimba. Nimeziona.

— Mpya, ndiyo. Mimi nina hela ya pikipiki.

Pikipiki yake aliiuza, kwa kuwa breki yake ya nyuma inakanyagwa kwa mguu uleule usiosikia. Kwa hela hiyo, fundi Jacob wa mjini alimpangia njia: chukua sipiyu ya ofisi iliyotumika, usiiguse roho yake, inafaa, ongeza kadi ya picha, ongeza ram, badilisha pawa saplai. Kila kitu kilichotumika. Kitu kimoja kimoja, kadiri kinavyopatikana.

— Na Mama Jesse anasemaje? Mama Beli aliuliza. Mama Jesse ni Theodora, mkewe.

Kastori akafunga kiroba.

— Primus, alisema, kibanda chako kina kufuli?

Ndivyo kompyuta ile ilivyohamia kwangu, chini ya meza, katikati ya soli na ndala zisizo na wenyewe.

Kadi ya picha ilikuja baada ya mvua kuanza. Kastori aliitoa ndani ya koti kama mtu aliyeficha kifaranga. Ni kitu kizito kuliko kinavyoonekana, kina feni mbili, na kazi yake, alivyotueleza, ni kuchora ile barabara haraka kabla gari halijafika. Mama Beli aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaingiza pua kwenye feni.

— Hii imevaliwa sana, alisema.

— Haivaliwi, Mama Beli.

— Imevaliwa. Angalia vumbi lilivyoshika huku pembeni. Na ina harufu ya mtu asiyefungua dirisha. Gredi ya pili hii. Umelipia gredi ya kwanza?

Tume akaomba aione. Hakuinusa, aliipima kwa mkono, juu chini.

— Mimi nimesoma habari zake, alisema. Hizi kadi huko ulaya zinafungiwa kwenye maghala, mamia kwa mamia, zinachimba hela usiku na mchana. Zikichoka ndiyo tunaletewa sisi.

— Zinachimba hela wapi?

— Kwenye mtandao.

— Hela imezikwa kwenye mtandao?

— Ndivyo ilivyoandikwa.

Jenereta alikuwa ameshawaka.

— Aisee, mnajua ninyi? Kitu kilichotoka mgodini hakirudi kawaida. Mnamkumbuka yule binamu yangu aliyerudi kutoka machimbo ya Mererani, kila anapolala anapiga ukuta? Hii kadi meku akiiweka, anaendesha basi vizuri tu, akifika Mwanga, paa, basi linachomoka barabarani linaanza kuchimba tanzanaiti.

— Na abiria je? Mama Beli akauliza.

— Wanapewa sururu.

— Lazima tujue ilitoka ghala gani, Tume alisema. Mimi ningeshauri watu watatu wasiofungamana na upande wowote—

— Mzee, kunywa kahawa.

Kastori alikuwa anacheka, na huyo ni mtu ambaye tangu arudi hatukuwahi kuyaona meno yake ya nyuma. Alichukua brashi yangu ya kiwi, ile mpya, akaisafisha kadi kwenye kila upenyo mpaka tukamwita akale.

Kwenye pawa saplai ndipo hela ilipokataa. Jacob alikuwa nazo mbili. Moja nyepesi, ya bei rahisi, ina maandishi makubwa ya dhahabu. Nyingine nzito, imechubuka. Kastori alikuja na ile ya dhahabu. Jenereta aliishika mara moja tu, akairudisha kwenye mkono wa mwenyewe.

— Hii hapana.

— Imeandikwa wati nyingi kuliko ile.

— Meku, hata mimi naweza kujiandika mbunge. Kitu cha kubeba umeme hakiwi chepesi hivi. Umeme wa Kidia unavyopanda na kushuka, hii itakuungulia na kadi na nyumba. Pengine pote bana, hapa usibane.

Alisema bila utani hata kidogo, tukashangaa. Kastori akakaa, akanyoosha mguu mbovu.

— Basi ram itangoja, alisema. Na skrini.

Alisema kama mtu aliyezoea kungoja, na hilo ndilo lililomchoma Mama Beli. Alinyanyuka, akaenda kwenye meza yake, akarudi na koti la ngozi alilokuwa amelificha nyuma ya beli kwa ajili ya mteja wake wa Arusha.

— Huyo Jacob anavaa saizi gani?

— Sijui. Mwembamba mwembamba.

— Vijana wa kompyuta wote wembamba. Kamwambie koti kwa ram. Na mwambie hili halijachimba chochote.

Kesho yake Tume naye akaja na skrini bapa, imefungwa kwenye shuka. Ilikuwa inakaa chumbani kwake bila kazi tangu binti yake alipomletea kubwa zaidi. Alituomba tutambue kwamba ameitoa kwa muda, kwamba kamati ya watu wawili, yaani yeye na yeye, itapitia hali yake baadaye. Hatujaiona kamati hiyo mpaka leo.

Usukani na pedali ndivyo vilivyokula senti ya mwisho ya pikipiki. Usukani ulikuwa mdogo, wa plastiki, Mama Beli akasema huo ni wa kigari cha mtoto. Lakini Kastori alipoushika niliona vidole vyake vinatafuta mahali pake penyewe. Shida ilikuwa pedali. Ya mafuta iko kulia. Alijaribu kwa mguu wake, akakanyaga mpaka mwisho, akatuuliza:

— Nimekanyaga?

Tukatazamana. Jenereta alijifanya anatafuta kikombe chake. Mimi nikachukua ubao wa kukatia ngozi, nikazing'oa pedali kwenye kitako chake, nikazigongomea upya, ya mafuta na ya breki, zote upande wa kushoto, zikiwa zimeachana kidogo. Nikaziwekea vipande vya tairi zisiteleze. Kastori akajaribu. Alikanyaga kidogo, akaachia. Akakanyaga nusu. Kwa muda mrefu hakufanya kingine.

— Sawa, alisema. Sawa kabisa, fundi.

Tulikubaliana kuiwasha Jumamosi, hapo hapo benchini, kabla hatujajua jinsi ya kuipeleka Kidia. Jenereta alivuta waya kutoka kwa kinyozi. Skrini tuliiweka juu ya mabeli mawili ya Mama Beli, sipiyu juu ya kreti, usukani tukaubana kwenye meza yangu kwa vibanio vya kubania soli. Watu wa soko walikuwa wanapita wanasimama. Mmoja aliuliza mpira unaanza saa ngapi.

Kastori akabonyeza. Feni zikazunguka, taa ikawaka. Skrini, giza tupu.

— Nilisema, Tume akasema, ingawa hakuwa amesema.

— Umeme wa kinyozi umechoka, Jenereta akaanza. Huyu anawasha mashine ya kunyolea na pasi na redio. Au ni transfoma. Ile transfoma ya pale juu mimi naijua, ina kinyongo na mimi tangu mwaka jana.

— Si umeme, Mama Beli alisema. Ni baridi. Kitu kimeishi ulaya kwenye ghala la baridi, mnakileta Kiboriloni jua hili, lazima kizimie. Hata watalii wakishuka mlimani huwa wanakaa kwanza hotelini. Kifunikeni kitenge, kizoee.

— Ukikifunika kitaungua!

— Basi kipepeeni.

— Mnakwepa jambo la msingi, Tume alisema, akainua kidole. Nani anafaidika mzee Kastori asipoendesha? Wenye mabasi. Wamesikia Chimba Dawa anarudi barabarani. Mtu mmoja kule Dar kabonyeza kitufe.

— Wenye mabasi wanaogopa basi lisilobeba abiria?

— Ndilo wanaloliogopa zaidi. Halina nauli. Utashindana nalo vipi?

Kastori hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amempigia Jacob simu, amebana simu kwa bega, anapapasa nyuma ya sipiyu. Akachomoa waya wa skrini kwenye tundu la juu, akauchomeka kwenye tundu la chini, la ile kadi. Skrini ikawaka.

— Tulichomeka kwa jirani, alisema, akakata simu.

Mambo mengine yalichukua muda, kubonyeza hiki na kukubali kile, lakini hatimaye ikaja. Dirisha la basi. Barabara. Kibao cha Himo, kimeandikwa vibaya kidogo, na upande wa kushoto mlima, wenyewe, una theluji nyingi kuliko wa kweli siku hizi. Kastori akasogeza kiti. Halafu akainua mkono wa kulia juu, hewani, akataka kurekebisha kioo ambacho hakipo. Mkono ukabaki juu hapo. Akaushusha taratibu, akaushika usukani.

Basi likaondoka.

Nimemjua Kastori miaka mingi kama mtu aliyekaa kwenye benchi langu. Sikuwahi kumwona akiendesha, na wale wengine nao walikuwa abiria wake wa nyuma tu. Mabega yake yalishuka. Shingo ikanyooka. Alikuwa anaangalia mbali, kule barabara inakokutana na mbingu, na mikono ikifanya mambo yake bila kuulizwa. Alipishana na lori, akalipigia honi fupi ya salamu. Yule aliyeuliza mpira naye alisogea karibu.

— Mwanga hiyo, Kastori alisema kwa sauti ya chini. Pale kulikuwa na mama wa ndizi. Hawakumchora.

Ndipo Theodora alipofika.

Alitoka upande wa mboga na kapu lake, kilemba cha kazini kichwani. Watu wakampisha, kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu ambaye atapishwa. Jenereta ndiye aliyemwona kwanza.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Hamjambo wote. Nimeambiwa pale kwenye nyanya kwamba Baba Jesse anaendesha basi kwa fundi viatu. Nikasema huyo aliyesema kalewa asubuhi.

Kastori akakanyaga breki. Basi likasimama katikati ya barabara.

— Mama, hii ni kompyuta yangu, Jenereta akasema. Meku ananisaidia kuijaribu tu.

— Ni ya soko, Mama Beli akasema papo hapo.

— Umiliki wake bado unachunguzwa, Tume akasema.

Theodora hakuwajibu. Aliutazama usukani, akaziangalia pedali, mguu wa kushoto wa mumewe ulivyokaa juu ya kipande cha tairi. Akainama akaangalia skrini kwa karibu, kama mtu anayechungulia ndani ya chungu.

— Linakwenda wapi?

— Dar, Kastori alisema.

— Na mimi nakaa wapi?

Niwaambie ukweli, tangu kiroba kile kifike tulikuwa tumebishana kuhusu feni, kadi, umeme wa nchi nzima na hela zilizozikwa kwenye mtandao. Kiti hakuna aliyekifikiria. Tume alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kastori alitazama usukani, halafu kiti chake, halafu upande wa kushoto wa kiti chake, ambako palikuwa na ndoo yangu ya maji ya kulowekea ngozi.

— Hela ya pikipiki sikuulizi, Theodora akasema, na hakupandisha sauti. Pikipiki ilikuwa yako. Nauliza kiti. Nilipokuwa msichana ulinichukua mara moja tu kwenye basi lako, ukanikalisha nyuma, ukaniambia kiti cha mbele ni cha kondakta. Baadaye kikawa cha askari anayeomba lifti. Baadaye cha mtoto wa mwenye basi. Nikajifungua ukiwa Chalinze. Nikamzika mama yangu ukiwa Korogwe umeharibikiwa. Sikulalamika, ilikuwa kazi. Ulipokatwa vidole nililia, Baba Jesse, lakini nikasema moyoni, sasa atakaa nyumbani. Kumbe ulikuwa unatafuta basi jingine. Tena safari hii umelipata lenye kiti kimoja.

Kastori alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, akakaa tena.

— Sikutaka unione nacheza, alisema. Mtu mzima.

— Nimekuona ukivishwa suruali na manesi. Nikakuona unachungulia barabara kila asubuhi kama mtoto aliyeachwa. Kucheza ndiyo kungeniua?

Mama Beli alianza kukunja makoti ambayo yalikuwa yamekunjwa. Nikainua birika ili angalau nimpe mgeni kahawa. Lilikuwa tupu. Tangu asubuhi tulikuwa tunakunywa kwa msisimko, hata machicha hayakubaki, na mimi mwenye kahawa nikajikuta nimeshika birika tupu mbele ya mama wa watu.

— Imekwisha, nikasema.

— Basi na watu waende, Theodora alisema. Shedrack, mwanangu, hicho ni chako, sivyo? Kibebe basi. Unajua kwetu.

Jenereta alibeba sipiyu, mimi nikabeba skrini, Tume akabeba waya mmoja kwa mikono miwili. Tukawapakia kwenye bajaji. Kastori alikaa nyuma na usukani mapajani, na Theodora pembeni yake.

Wiki zilizofuata Kastori hakushuka. Kijiweni tuliligeukia swali la kiti. Jenereta alitaka ununuliwe usukani wa pili, kama gari za kufundishia, mama naye aendeshe kidogo. Mama Beli alisema atafutwe kiti halisi cha basi lililogongwa, chenye kitambaa chake cha maua na mkanda. Tume alisema kiti kiwekwe nyuma ya dereva, kwa usalama, tukamzomea mpaka akahama benchi, akaenda kukaa kwenye rundo la ndala. Kila mtu alikuwa na kiti chake kichwani. Lakini nyuma ya utani huo tulikuwa na wasiwasi, na hakuna aliyethubutu kupanda kwenda kuona. Mama Beli ndiye aliyesema, bila kumwangalia mtu:

— Isije ikawa tumemnunulia mwenzetu ugomvi.

Mimi nilikuwa na sababu ya kwenda. Nilikuwa nimemshonea Kastori kiatu cha mguu wa kulia, kifupi mbele, chenye sifongo ndani ya kushikilia pale palipokosa vidole. Jumapili baada ya misa nikapanda nacho. Kulikuwa na manyunyu, migomba inadondosha maji njiani. Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha hodi, Theodora akanikaribisha bila kugeuka.

Walikuwa sebuleni. Kompyuta ilikuwa ukutani, mahali palipokuwa na kabati la vyombo. Na mbele yake hapakuwa na kiti cha basi wala usukani wa pili. Walikuwa wameburuta kochi lao la watu wawili, lile la zamani la mbao lenye vitambaa vya kufuma, na Kastori alikuwa upande mmoja, usukani umefungwa kwenye stuli mbele yake, na Theodora upande wa pili, ungo wa maharage mapajani, anachambua.

— Punguza, alikuwa anasema. Kuna watoto.

— Hao hawavuki, Mama Jesse. Wamechorwa hapo hapo.

— Punguza tu.

Akapunguza. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kiatu mkononi, nikasubiri. Mvua ilikuwa inagonga bati. Barabarani kule kwenye skrini kulikuwa na jua kali.

— Hapa ni Mombo, Kastori alimweleza. Hapa ndipo abiria wanashuka kula.

— Na ile inayopanda kushoto?

— Hiyo inakwenda Lushoto. Milimani.

— Kukoje?

— Sijui. Nimeiona nikipita.

Theodora aliacha kuchambua.

— Miaka yote ile hukuwahi kukata?

— Haikuwa ruti yangu.

— Kata leo.

— Basi hili halina kibali cha huko, mama.

— Nani atakukamata?

Kastori akanigeukia, kama vile mimi ndiye trafiki. Nikaangalia kile kiatu mkononi. Akawasha indiketa ya kushoto, akangoja lori lipite ingawa lilikuwa mbali sana, akakata. Basi likaanza kupanda. Kona ya kwanza ilikuwa nzuri, kuna miamba, kuna maji yanatiririka pembeni. Ya pili ilikuwa na mti mmoja uliorudiwa rudiwa. Baada ya ya tatu lami ikakatika kabisa. Wale vijana hawakuchora zaidi ya hapo. Mbele palikuwa na majani tu, kijani kimoja, na mlima mtupu usio na nyumba wala mtu.

— Imeishia hapa, Kastori alisema. Ngoja nirudi nyuma, nigeuze.

— Acha kwanza, Theodora akasema. Tukae kidogo.

Akazima injini. Mngurumo ulipokatika ikasikika ile mvua ya kweli. Kastori aliondoa mikono kwenye usukani, akawa hajui aiweke wapi. Halafu akachota maharage kwenye ungo wa mkewe, akayamwaga kiganjani, akaanza kutoa mawe.

Nikaweka kiatu pale mlangoni, nikaondoka bila kuaga.